Mafunzo Bila Wenzio: Wanahabari wa Mediterania, 1995 hadi 2018

Tarehe 27 na 28 Novemba 1995, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi 15 za Umoja wa Ulaya walikutana Barcelona na wenzao 12 kutoka kusini na mashariki mwa Bahari ya Mediterania. Tamko lao lilitaja vyombo vya habari kuwa njia ya watu wa pande hizo mbili kuelewana. Tangu hapo wanahabari wa eneo hilo wameandaliwa warsha na tuzo nyingi. Katika insha hii nauliza: kati ya mafunzo na wenzake, ni kipi kilichomfaa zaidi mwanahabari? Hoja yangu ni kwamba mafunzo yalimpa ufundi, lakini aliyemlinda ni mwenzake wa ng'ambo.

Makubaliano ya Barcelona yalifungwa na serikali, na baadhi yake ndizo zilizokuwa zikiwabana waandishi. Tunisia, mmoja wa washirika hao, ni mfano mzuri. Taoufik Ben Brik, Mtunisia aliyeandikia magazeti ya Ulaya, alinyang'anywa pasipoti na simu yake ikakatwa. Mtu wa namna hiyo hata ukimwalika kwenye semina Ulaya, atavukaje bahari? Aprili 2000 aligoma kula. Waandishi wa Ufaransa waliitangaza habari yake bila kuchoka, na wiki chache baadaye serikali ya Ben Ali ilimrudishia pasipoti. Hapo haikuwa warsha iliyomwokoa, bali wenzake.

Mwaka 2005 unaonyesha pande zote mbili za suala hili. Huko Amman, Jordan, ulianzishwa mtandao wa ARIJ, kwa msaada kutoka Denmark, ili kuwafundisha waandishi wa Kiarabu habari za uchunguzi. Mjini Alexandria, Misri, ilifunguliwa Taasisi ya Anna Lindh, ambayo baadaye ilianza kutoa tuzo kwa wanahabari wa Mediterania. Lakini mwaka huohuo, Beirut ilizika waandishi wawili wa gazeti la An-Nahar waliouawa kwa mabomu: Samir Kassir mwezi Juni na Gebran Tueni mwezi Desemba. Hawa hawakupungukiwa na ufundi. Walikuwa miongoni mwa waandishi hodari wa nchi yao.

Wengine waliamini kwamba hatari hiyo ni ya kusini peke yake. Malta iliwasahihisha. Mwaka 1995 ilikuwa miongoni mwa wale washirika 12, na mwaka 2004 ikaingia Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, tarehe 16 Oktoba 2017 Daphne Caruana Galizia, aliyekuwa akifichua ufisadi, aliuawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake. Aprili 2018, waandishi 45 wa vyombo 18 kutoka nchi 15 walianza kuchapisha habari alizoziacha, chini ya uratibu wa Forbidden Stories. Waliomuua walitaka kuzima habari, nazo zikasomwa Ulaya nzima.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba undugu bila ufundi ni kelele tupu. Ni kweli: waandishi wale 45 wasingefika popote kama hawangejua kusoma hesabu za kampuni na kulinganisha nyaraka. Lakini tukiwaweka Ben Brik na Caruana Galizia pamoja, tofauti iko wazi. Mmoja wenzake walisimama naye angali hai. Mwingine, kundi la nchi 15 lilikusanyika baada ya mazishi. Kwa hiyo naona mafunzo ya wanahabari yasipimwe kwa idadi ya vyeti, bali kwa swali moja: mwandishi huyu akinyamazishwa kesho, nani nje ya nchi yake ataiendeleza habari yake? Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vingine havina budi kuwa karibu mapema.