Steve Tikolo, mpigaji wa timu moja

Steve Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971, katika familia ya wanakriketi: kaka zake Tom na David nao walichezea Kenya. Katika ligi ya nyumbani alikuwa mchezaji wa Swamibapa, na kwa muda alikwenda Afrika Kusini kuchezea Border. Jina lake, hata hivyo, lilijengwa katika timu moja, timu ya taifa ya Kenya, aliyoibeba kwa gongo lake tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi alipovuka umri wa miaka 40.

 Kwa asiyeijua kriketi, maelezo mafupi yanahitajika. Kriketi na besiboli ni mtu na nduguye: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo. Wapigaji wawili wa kriketi wakikimbia na kubadilishana ncha za uwanja, timu yao hupata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi kuvuka mpaka huleta mikimbio minne. Ukivuka hewani bila kugusa ardhi, sita. Mpigo huo wa sita ndio unaolingana na ule unaowapa umaarufu wapigaji wa nguvu wa besiboli Marekani. Lakini mpigaji wa kriketi anaweza kukaa uwanjani kwa saa nyingi, na kosa moja likamtoa, hivyo nguvu bila subira haimfikishi mbali. Tikolo, aliyepiga kwa mkono wa kulia, alikuwa na vyote viwili. Alijua pia kurusha, kwa mipira ya polepole inayojipinda ikigusa ardhi.

Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza rasmi ya kimataifa ya siku moja tarehe 18 Februari 1996 mjini Cuttack, dhidi ya India, katika Kombe la Dunia. Tikolo alifunga mikimbio 65. India ilishinda, Sachin Tendulkar akifunga 127 bila kutolewa. Siku 11 baadaye, mjini Pune, Kenya iliyojaa wachezaji wa ridhaa ilimaliza zamu yake na mikimbio 166, kisha ikaitoa West Indies nzima kwa 93. Tikolo ndiye aliyefunga mingi zaidi upande wa Kenya, 29 tu. Mikimbio 37 ilikuwa ya ziada, iliyotokana hasa na makosa ya warushaji wa West Indies. Tarehe 6 Machi mjini Kandy, Sri Lanka ilifikisha 398, rekodi ya dunia wakati ule. Kenya haikuweza kuifikia, ila Tikolo aliwashambulia warushaji wa timu ambayo siku chache baadaye ilitwaa kombe, akatolewa akiwa na 96, minne pungufu ya mia.

Mchezo wake mkubwa kuliko yote ulikuja Aprili 1997 mjini Kuala Lumpur, katika fainali ya ICC Trophy, mashindano ya nchi ambazo hazikuwa na hadhi ya kucheza mechi za siku tano. Kenya ilifunga 241, na 147 kati ya hiyo ilikuwa ya Tikolo peke yake. Mvua ikaingilia, mechi ikasogezwa siku ya pili, na Bangladesh ikapangiwa lengo jipya: mikimbio 166 katika ova 25, yaani mirusho 150. Ililifikia katika mrusho wa mwisho kabisa. Timu zote mbili zilikuwa zimekwisha kujihakikishia nafasi katika Kombe la Dunia la 1999, lakini njia zao zilitengana hapo. Bangladesh ilipewa hadhi ya mechi za siku tano mwaka 2000. Kenya iliiomba, haikuipata, na Tikolo hakuwahi kucheza hata mechi moja ya aina hiyo. Waliomwita mpigaji bora wa zama zake nje ya nchi zenye hadhi hiyo hawakukosea.

Katika Kombe la Dunia la 2003 alikuwa nahodha. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi za bure, na wapo wanaoishusha hadhi safari ile kwa sababu hiyo. Hoja hiyo ni dhaifu: Sri Lanka ilikwenda Nairobi, ikafungwa kwa tofauti ya mikimbio 53, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano. Bangladesh na Zimbabwe nazo zilipigwa. Katika nusu fainali mjini Durban, India ilifunga 270 na Kenya ikaishia 179. Tikolo alifunga 56.

Baada ya hapo nyumba ilianza kuvuja. Mwaka 2004 Maurice Odumbe, nahodha wa 1996, alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano wake na wachezesha kamari. Migogoro ya malipo kati ya wachezaji na viongozi ikafuata, na chama cha zamani kikabadilishwa na kipya mwaka 2005. Tikolo alirudi kwenye unahodha, akacheza Kombe la Dunia la 2007, na akamalizia lile la 2011, la tano kwake, ambamo Kenya ilipoteza mechi zote sita. Alikuwa amecheza zaidi ya mechi 130 za siku moja, akafunga zaidi ya mikimbio 3,400 na kuwatoa wapigaji zaidi ya 90. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 42, aliitwa tena kusaidia katika mechi za kufuzu za ova 20. Mapema mwaka uliofuata Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za siku moja.

Tikolo aligeukia ukocha, akafundisha Uganda kisha Tanzania. Tarehe 30 Novemba 2023 mjini Windhoek, Uganda, aliyowahi kuifundisha, iliifunga Rwanda na kufuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la ova 20. Kenya, iliyokuwa katika mashindano hayohayo, haikufuzu.