Maji ya Uti wa Mgongo katika Nyanda za Juu za Kusini

Neno uti ni ndugu wa neno mti. Kiambishi u- huwekwa mbele ya majina ya vitu virefu vyembamba, kama uzi, ufito na ukuti. Na uti wa mgongo ni ule mti unaousimamisha mwili wa mwanadamu. Ugonjwa ambao Waingereza wa mwanzo wa karne ya 20 waliuita kwa jina lililounganisha ubongo na mgongo, Kiswahili kiliuita homa ya uti wa mgongo, ubongo ukaachwa nje ya jina. Ugonjwa wenyewe huzishika tando zinazoufunika ubongo pamoja na kamba ya neva iliyomo mgongoni, na mgonjwa hulalamikia kichwa na shingo kabla ya kulalamikia mgongo. Huenda jina lilishika mahali ambapo watu walimwona daktari akichoma sindano.

Upungufu huu wa jina haukuwa na madhara makubwa. Ulio mkubwa ni kwamba maneno hayo hayo, uti wa mgongo, hutumika kwa mfupa na kwa kamba ya neva iliyomo ndani ya mfupa. Vitabu vya elimu ya viumbe vimejaribu kuitenga kamba hiyo kwa jina la ugwe mgongo, lakini jina hilo halijatoka sana nje ya madarasa. Basi mtu anapoambiwa hospitalini kwamba mwanawe atatolewa maji ya uti wa mgongo, husikia kwamba sindano itauchoma uti wenyewe. Mambo sivyo yalivyo. Kwa mtu mzima ugwe hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini zaidi, mahali penye maji na nyuzi za neva tu. Maji yenyewe hujitengeneza kila siku, kiasi cha nusu lita, ijapokuwa yaliyomo mwilini kwa wakati mmoja ni kama mililita 150. Yanayotolewa kwa kupimwa hurudishwa na mwili kwa saa chache.

Njia hiyo ya kutoa maji ilianza kujulikana Ulaya mwaka 1891 kwa kazi ya Heinrich Quincke wa Kiel. Haikukawia kufika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma waganga Entebbe kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa pwani za Ziwa Viktoria. Mmoja wao alikuwa Aldo Castellani, kijana wa Kiitaliano, ambaye kwanza aliamini kwamba chanzo ni bakteria. Mwezi wa Novemba mwaka huo, akitazama kwa hadubini maji aliyoyatoa mgongoni mwa mgonjwa, aliona vijidudu vikijinyonganyonga kama mikunga wadogo. Vilikuwa tripanosoma. Mwaka uliofuata alimweleza David Bruce, na ubishi wa nani hasa aliyegundua ukaendelea kwa miaka mingi, ubishi ambao wagonjwa hawakupata faida yoyote nao. Tangu hapo maji ya mgongo yakawa ndiyo mizani ya malale: yakiwa safi, mgonjwa hupewa dawa za mwanzo, yakiwa na chembe nyingi au vijidudu, ubongo umekwisha ingiliwa, naye kwa miaka mingi alipewa dawa kali za jamii ya zaranika.

Nyanda za Juu za Kusini hazikuipata elimu hii kwa njia ya malale. Mbung'o hawapandi kwenye baridi ya Uporoto wala ya Kipengere. Makao yao ni nyika za chini, upande wa Chunya na Rukwa. Iringa, iliyojengwa na Wajerumani kama ngome mwaka 1896, imesimama kiasi cha mita 1,550 juu ya bahari, na Mbeya, mji uliozaliwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, uko juu zaidi, karibu mita 1,700. Katika miinuko hiyo malaria ni chache kuliko pwani, na hapo ndipo shida ya maji ya mgongo ilipo. Mtoto akipatwa na homa na kutetemeka viungo, jina lililo tayari mdomoni ni degedege, nalo huhusishwa na ndege au kipepeo wa usiku anayempitia mtoto. Hospitali nayo ilikuwa na jina lake lililo tayari: malaria ya kichwani. Majina yote mawili yaweza kuficha homa ya uti wa mgongo, ambayo dawa yake ni nyingine kabisa na haingoji. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa mahututi 4,474 waliotibiwa kama wagonjwa wa malaria, waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu hawakufika nusu. Walikuwa 46 katika kila 100. Kosa lilizidi kadiri nchi ilivyoinuka. Hapana sababu ya kudhani kwamba waganga wa kusini walikuwa na macho makali zaidi.

Kuyatoa maji ni kazi ya dakika chache. Kuyasoma ndiko kugumu. Kwanza hutazamwa kwa jicho: yafaa yawe maangavu kama maji ya chemchemi, yakiwa na ukungu, yana usaha, yakiwa ya manjano, yaelekea damu ilivuja siku zilizopita. Kisha chembe huhesabiwa, na kwa mtu mzima mwenye afya hazizidi 5 katika mikrolita moja. Utomwili ukizidi hugunduliwa kwa dawa ya karboliki, kwa njia aliyoitoa Kálmán Pándy wa Hungaria mwaka 1910: tone moja la maji, na wingu jeupe likatokea. Sukari hupimwa na kulinganishwa na ya damu, nayo kwa kawaida huwa kama theluthi mbili. Maji ya mgonjwa wa kifua kikuu cha ubongo, yakiachwa wima katika kichupa usiku kucha, huweza kufanya utando kama wa buibui, na katika utando huo mpimaji mvumilivu hutafuta vijidudu.

Lakini saa hazingoji. Chembe nyeupe huanza kuvunjika ndani ya saa moja au mbili, hata maji ya mgonjwa yakaonekana kama ya mtu mzima wa afya. Tena, kinyume cha mkojo, maji haya hayatiwi barafuni yakitakiwa kuoteshwa vijidudu, maana baadhi ya vijidudu vya homa hii hufa kwa baridi. Katika nchi ambayo mwezi wa Juni na Julai jalidi huweza kuanguka mashambani, kichupa kilichosahauliwa dirishani usiku mmoja chaweza kutoa jibu la uongo lililoandikwa kwa mwandiko mzuri. Hospitali ya misheni au ya wilaya iliyokuwa na daktari wa kuchoma sindano bila mpimaji wa kuhesabu chembe ilikuwa na nusu tu ya elimu hii, na kupeleka kichupa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, hakukuwa na maana kwa mgonjwa aliyekwisha poteza fahamu.

Ukimwi ndio ulioyafanya maji ya mgongo kuwa jambo la kila juma katika wodi za Mbeya na Iringa. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983, lakini baadaye uzito ulihamia kusini, katika nchi ya barabara kuu ya Zambia. Upimaji wa taifa wa mwaka 2003 hadi 2004 uliikuta Mbeya ikiwa juu ya mikoa yote, asilimia 13.5 ya watu wazima. Ule wa mwaka 2007 hadi 2008 ukaiweka Iringa mbele kwa asilimia 15.7. Njombe, iliyotengwa na Iringa mwaka 2012, ilikuwa na asilimia 12.7 katika upimaji wa mwaka 2022 hadi 2023. Pamoja na ukimwi ilikuja homa ya kriptokokasi, kuvu aishiye udongoni na katika mavi ya ndege, avutwaye kwa pumzi, na kuamka katika ubongo wa mtu ambaye kinga yake imekwisha.

Kuvu huyu hutambuliwa kwa wino. Tone la maji ya mgongo huchanganywa na tone la wino mweusi wa kuandikia. Wino hauwezi kupenya ganda la ute linalomzunguka, naye huonekana kama mwezi uliopatwa na duara la mwanga katika usiku. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, ingawa kuvu wakiwa wachache humpita mtazamaji.

Hapa hofu ya sindano ilifanya madhara makubwa kuliko mahali pengine. Katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki jamaa za wagonjwa wamekataa sindano ya mgongo wakisema kwamba anayechomwa hafiki kesho. Wasemao hivyo si wajinga; walihesabu walichokiona. Sindano ilichelewa mpaka mgonjwa alipokuwa taabani, naye akafa baada ya kuchomwa, na kilichotangulia kikachukuliwa kuwa sababu. Kwa homa ya kriptokokasi ukweli ni kinyume kabisa. Kuvu huziba njia za maji, shinikizo hupanda kichwani, macho hupofuka, na kuyapunguza maji kwa sindano ndiyo nafuu yenyewe. Uchunguzi wa wagonjwa 248 wa Uganda na Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba waliopunguzwa maji angalau mara moja zaidi walikufa wachache mno kuliko wasiopunguzwa. Mgonjwa aliyekataa sindano alikataa dawa, na neno lililomtisha lilikuwa neno la Kiswahili safi.

Baada ya mwaka 2011 kipimo kipya cha ukanda kilianza kuenea, kinachoonyesha alama ya kuvu hata katika tone la damu, kwa dakika 10, bila hadubini wala umeme. Majaribio ya Dar es Salaam na Lusaka, yaliyoongozwa na Sayoki Mfinanga na kuchapishwa mwaka 2015, yaliwapima damu wagonjwa walioanza dawa za ukimwi wakiwa wamedhoofika, na kuwafuata nyumbani kwa majuma ya mwanzo. Vifo vilipungua kwa kadiri ya robo na zaidi. Mwaka 2018 majaribio mengine, ambayo Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne, yalionyesha kwamba juma moja la dawa mbili, amfoterisini na flusitosini, linatosha mahali pa majuma mawili ya zamani. Mbeya nayo ilikuwa imejijengea maabara: kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichokua kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich, kilikuwa miongoni mwa vilivyopima mapema mashine ya kutambua kifua kikuu katika makohozi, matokeo yakichapishwa mwaka 2011. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilikubali mashine hiyo itumike kwa maji ya mgongo pia.

Liko jambo moja ambalo maji haya hayakuweza kulifumbua peke yake. Huko Mbozi, iliyokuwa wilaya ya Mbeya na tangu mwaka 2016 ni ya Songwe, nguruwe hufugwa karibu kila kijiji, na uchunguzi wa watu 830 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu watu 17 katika kila 100 wakiwa na alama ya viluwiluwi vya tegu wa nguruwe katika damu. Viluwiluwi hivyo vikitua katika ubongo huleta kifafa, jina ambalo ndani yake wengi hulisikia neno kufa. Maji ya mgongo ya wagonjwa hao mara nyingi huwa masafi. Wanahitaji picha za mashine kubwa za ubongo, nazo hazipatikani kijijini.

Kwa upande wa kuvu, aliyekutwa na alama katika damu na kichwa kikimwuma bado hupelekwa kutolewa maji, kwa kuwa damu haisemi kama ubongo umekwisha ingiliwa. Anapoelezwa atakalofanyiwa, huambiwa bado kwa maneno yale yale, uti wa mgongo.