Uwanja wa Tata Raphaël na Jumapili ya 1959

Ukiutaja uwanja wa Tata Raphaël wa Kinshasa, wengi hukumbuka pambano la Muhammad Ali na George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974. Mimi naona siku yake kubwa ni nyingine.

Ulifunguliwa 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Jumapili, tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa chama cha ABAKO, uliopangwa kufanyika si mbali na hapo, ulizuiwa. Waliokuja kusikiliza wakakasirika. Mechi nayo ikaisha, mashabiki wakamwagika barabarani wakaungana nao, na mji ukawaka. Makumi ya Wakongo waliuawa. Wengine husema mamia. Siku chache baadaye, mfalme yuleyule ambaye jina lake lilikuwa uwanjani akaahidi uhuru redioni.

Chini ya Mobutu uwanja uliitwa 20 Mei, siku ya kuzaliwa kwa chama chake mwaka 1967. Alipoanguka 1997, ukapewa jina la padri Mbelgiji Raphaël de la Kéthulle. Padri huyo aliupenda mpira wa Kinshasa, sikatai. Ila tarehe 4 Januari ni sikukuu ya taifa, na uwanja ilikoanzia haujawahi kuitwa kwa jina hilo.