Kutoka chukudu hadi moto: Goma ilijifunzaje kujitengenezea?

Ukipita Birere mchana utawakuta pale kwa kwado, wenye moto wamekalia matairi ya zamani, kila mtu na ugonjwa wa moto yake.

"Yangu ikipanda mulima inakosa pumuzi."

"Toa ile filtri, itapumua muzuri!"

"Ni kweli, mi nilitoa, haina shida."

Mwaka jana nilikuwa hapo. Nikatoa filtri ya hewa, na kweli moto ikakimbia. Miezi michache baadaye ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula mafuta. Fundi akafungua: pete za pistoni zimekwisha, silinda imekwaruzwa. Na mimi nina diploma, jamani! Tangu siku ile najiuliza: hii tabia yetu ya kujitengenezea ilitoka wapi, na inatuangusha wapi?

Tuanze na chukudu. Kabla moto hazijajaa mjini, mizigo ya Goma ilibebwa na mbao. Makaa, kabichi na viazi vilishuka kutoka upande wa Kibumba juu ya chombo kisicho na injini, magurudumu ya mbao yamevalishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenye chukudu alikuwa dereva na fundi kwa wakati mmoja. Gurudumu likipasuka, analiona. Usukani ukilegea, anausikia mkononi. Anatafuta kamba, msumari, kipande cha mpira, safari inaendelea. Leo chukudu ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, na inastahili.

Wakati huo moto zilikuwa chache, nyingi za misioni na za miradi, kama Yamaha AG 100. Kisha Zaire ikaanguka kiuchumi. Uporaji wa 1991 na 1993 ulimaliza maduka mengi nchini, na vipuri vikawa shida. Hapo ndipo ile "Artikili 15" tunayoitaja kwa kucheka, yaani jitafutie mwenyewe, ilipokuwa sheria ya kweli ya kila siku.

Halafu likaja jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ndani ya ziwa Kivu, na ikafunika sehemu ya njia ya ndege. Maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi. Waliporudi walijenga juu ya lava yenyewe na kusawazisha njia kwa nyundo na mikono. Katika miaka iliyofuata moto za Kihindi na za Kichina zikaingia kwa wingi: TVS, Bajaj Boxer, Haojue na nyingine. Bei yake ilifikika, na zilipita pale ambapo gari haliwezi. Vijana wengi wasio na kazi, wenye diploma wakiwemo, wakawa motari. Na Mei 2021, mlima ulipopasuka tena na mitaa kadhaa kuamriwa kuhama, familia nyingi zilitoka mjini juu ya hizo hizo moto, watu watatu, wanne, na godoro juu.

Hapa ndipo ninapoona kosa letu. Tulirithi mikono ya mwenye chukudu, tukaipeleka moja kwa moja kwenye injini. Ugonjwa wa chukudu unaonekana kwa macho. Wa injini unajificha.

Chukua hiyo shida ya pumzi. Goma iko kama mita 1.500 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi. Kama kabureta imepangwa kwa nchi ya chini, petroli inazidi hewa. Buji inakuwa nyeusi, moto inakohoa. Ukitoa filtri hewa inaongezeka, ndiyo maana unaona imepona. Lakini unyoe hiyo filtri ilikuwa inazuia nini? Vumbi la lava. Ni jiwe lililosagwa na matairi, linakwaruza chuma kama msasa. Kila kilomita unaipa injini msasa wa kunywa.

Dawa yenyewe ni rahisi. Filtri ya sponji ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa, ipake mafuta kidogo. Ya karatasi usiioshe, ikung'ute, na ikichoka ibadilishe. Kisha mwombe fundi apange kabureta. Angalia buji: ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, uko sawa. Cheni nayo usiikaze kama kamba ya gitaa, iache icheze kidogo, maana njia zetu zinairusha juu na chini.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu kujitengenezea kwetu si mchezo wa Jumapili. Tangu M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, pesa ya kipuri ni ile iliyo mfukoni tu. Kwa familia nyingi, injini ikifa, chakula kimekufa. Ushauri mbaya pale kwa kwado unaweza kufunga jiko la mtu.

Mafundi wetu wanajua mengi ambayo hayako kwenye kitabu chochote cha chuo. Sisi tuliosoma tunajua kidogo kuhusu hewa, joto na msuguano, lakini tunaona aibu kushika spana. Mwenye chukudu hakutenganisha hayo mawili: alikuwa anajua kwa nini gurudumu lake linalia. Basi kesho ukikaa pale juu ya tairi na mtu akisema "toa filtri", usicheke wala usinyamaze. Mwulize: "Kwa nini?" Halafu chukua spana, mfungue pamoja.

Na wewe, ni ushauri gani wa kijiweni uliokuua injini? Andika hapa chini, mwenzako asilipe mara ya pili.