Raba Ndogo Inayobeba Injini

Anayenunua gari la zamani hapa Moshi hukagua matairi, breki na kutu. Raba zinazokalia injini hazikagui, kwa sababu hazionekani. Leo nataka tuzizungumzie hizo.

Magari mengi ya mwanzo yalifungwa injini moja kwa moja kwenye chesisi, chuma kwa chuma. Injini ya silinda 4 haitulii. Kila pistoni inaposukumwa, injini nzima hutaka kujipindua. Mtikisiko huo ulimfikia abiria hadi kwenye meno.

Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilileta jibu katika gari lake la Plymouth. Injini ilikalishwa juu ya raba, mbele juu na nyuma chini, ili mstari wa kuziunganisha upite kwenye kitovu cha uzito wake. Injini ikaachiwa itikisike yenyewe bila kulitikisa gari. Mwaka 1932 Citroën ya Ufaransa ilianza kuutumia utaalamu huo, na wengine wakafuata.

Land Rover zilizopanda Marangu, Kibosho na Rombo zilikalia raba. Kadhalika Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishindia mbio za Safari mwaka 1966 na 1967.

Lakini raba huchakazwa na joto na mafuta yanayovuja. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikaadimika nazo, mafundi walichonga vipande vya matairi makuukuu, yale yale ya kutengenezea makatambuga. Nawapongeza, maana walitunusuru. Ila kipande kigumu mno hurudisha mtikisiko ule ule wa zamani, na vyuma huanza kupata nyufa.

Raba iliyokatika ni hatari zaidi. Desemba 1971 General Motors ilitangaza kuyarekebisha magari zaidi ya milioni 6 ya Chevrolet. Raba ikikatika, injini iliweza kuinuka, vyuma vya kufungulia mafuta vikavutika, na gari likakimbia lenyewe. Hebu fikirieni hilo kwenye mteremko wa Marangu, gari limejaa akina mama na mikungu ya ndizi.

Mwambieni fundi ainue injini kidogo kwa jeki. Raba ikiachana na bati lake, imekwisha, badilisheni. Bei yake ni ndogo kuliko ya jeneza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.