Si kila degedege ni malaria: Kalsiamu inapopungua katika damu ya mtoto

MTOTO anapokakamaa, akageuza macho na kutetemeka viungo, wazazi wa Itetemia, kama wenzao kwingineko nchini, husema amepatwa na degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990, mji ulioishia ile njia ya misafara iliyopita Tabora, walikuta baadhi ya wazazi wakiamini kuwa hiyo ni kazi ya pepo mwenye umbo la ndege, na hivyo kumtangulia mganga. Anayewahi hospitali naye hudhani ni malaria, na mara nyingi hakosei. Lakini kuna degedege lisilo na homa, na mojawapo ya visababishi vyake ni upungufu wa kalsiamu katika damu.

Madini haya hayajengi mifupa na meno tu. Ndiyo yanayotuliza mishipa ya fahamu na kuuwezesha moyo kudunda. Yakipungua, mishipa husisimka ovyo: vidole hujikunja, koo hubana, mtoto hupumua kwa mkoromo, kisha degedege hufuata. Walio hatarini zaidi ni watoto njiti, waliochelewa kupumua walipozaliwa, na wale ambao mama zao wana kisukari. Kwa wakubwa kidogo, matege ni dalili ya kutiliwa maanani.

Daktari hupima kwanza sukari na malaria, kwa kuwa hayo huua haraka. Ikithibitika kuwa ni kalsiamu, dawa ni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, inayotiwa katika mshipa. Mtoto mchanga hupewa mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito. Mkubwa hupewa nusu mililita kwa kilo, isizidi mililita 20. Huchanganywa na maji ya dripu na kuingizwa polepole, kwa dakika 5 hadi 10, huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa. Haraka hapa ni hatari: moyo waweza kupunguza mwendo, hata kusimama. Yakishuka mapigo, sindano husitishwa mara moja.

Mzazi aliyeketi kando ya kitanda ana kazi yake. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake huacha kovu baya. Mkono ukivimba au ngozi ikibadilika rangi, amwite muuguzi bila kusita. Huko si kumsumbua. Aidha, kalsiamu haichanganywi na seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria inayotumika sana wodini, kwani huganda pamoja. Kwa mtoto asiyetimiza siku 28, hazitakiwi kutumika pamoja kabisa.

Yapo matukio ambapo dripu haisaidii mpaka upungufu wa magnesiamu urekebishwe kwanza. Hali kadhalika, sindano hutuliza hatari ya saa chache tu. Baada yake mtoto huhitaji kalsiamu ya kunywa, na mara nyingi vitamini D.

Je, Tabora yenye jua la kutosha inahusikaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Nigeria wenye matege ulionyesha kuwa waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua lilikuwapo; kilichokosekana kilikuwa chakula. Ugali mtupu hauna kalsiamu ya kutosha. Maziwa yanayo, na hata dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na miba yao.