Samaki ni wa Nani? Historia ya Boti za Starehe Pwani, Kutoka kwa Mtu wa Sisibo

Wasee, Desemba ikifika nusu ya Eldoret inahamia Pwani. Wiki moja baadaye simu zinajaa picha: jamaa amesimama kwenye boti Watamu, miwani ya jua, mkono mmoja umeshika mdomo wa samaki mrefu kumliko, na maneno chini yake ni matatu tu: "Nimemvua mimi." Nyuma yake kuna mwanamume mwingine, fulana imepauka kwa chumvi, na ndiye anayemshikilia samaki asianguke. Huyo hana jina. Ukihesabu laiki elfu mbili, hakuna hata moja yake.

Leo nataka tuongee juu ya huyo wa nyuma. Najua mtasema, wewe mtu wa Sisibo, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, karibu kilomita 900 kutoka Malindi, uvuvi unakuhusu nini? Unanihusu, kwa sababu historia ya boti hizi inaanzia kwenye mashamba kama ya huku kwetu. Na swali lake kubwa ni lile lile tunalouliza hapa kila siku kuhusu riadha: ushindi ni wa nani?

Tuanze mbali kidogo. Wengi wetu wa bara tunadhani kuvua kwenye maji makuu kuliletwa na mzungu na injini. Si kweli. Wanaakiolojia waliochimba miji ya kale ya Waswahili wamekuta kwamba mifupa ya samaki ya karne za mwanzo ni ya samaki wa mwambani na maji ya karibu zaidi. Baada ya mwaka 1000 hivi, samaki wa maji ya mbali nao wanaanza kuonekana. Maana yake, kuna watu waliojifunza polepole, kizazi baada ya kizazi, kuvuka mwamba na kurudi salama. Walikuwa na ngalawa, dau na mashua. Walijua kaskazi ikivuma kuanzia Novemba hivi hadi Machi bahari hutulia, na kusi ikishika katikati ya mwaka ni afadhali kukaa nyumbani kutengeneza nyavu. Kalenda ya boti za kitalii hadi leo inafuata upepo huo huo. Ukipiga simu Juni kuuliza safari ya kuvua, utaambiwa ungoje. Elimu hiyo ni ya wenyeji tangu zamani.

Kilichokuja na wageni ni mchezo. Kule California, Marekani, mwaka 1898, bwana mmoja aitwaye Charles Frederick Holder alivua jodari wa ratili 183, yaani kilo 83, kwa fimbo na mshipi mwembamba. Mwaka huo huo akaanzisha klabu kwenye kisiwa cha Santa Catalina. Hapo ndipo wazo likapata umbo: samaki si chakula tu, ni mpinzani, na kumvua kuna kanuni. Mwaka 1939 ukaundwa muungano wa kimataifa, IGFA, ambao mpaka leo ndio unaoweka rekodi za dunia. Kanuni yake kubwa inasema hivi: tangu samaki anaponasa, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kugusa fimbo, rili wala mshipi. Msaidizi anaweza kukamata kile kipande cha mwisho karibu na ndoana samaki akishafika kando ya boti. Akigusa mapema, rekodi imekufa.

Ishike kanuni hiyo akilini. Tutairudia.

Sasa mchezo ulifikaje kwetu? Walowezi. Mwaka 1908 Makaburu walifika Uasin Gishu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji wetu ukaota kwenye shamba namba 64, ndiyo sababu wazee hadi leo wanasema Sisibo. Mwaka 1924 reli ikafika Eldoret. Mzungu mwenye shamba la bara sasa angeweza kupanda gari moshi mpaka Mombasa, halafu akafunga safari ya Malindi kupunga upepo. Kufikia miaka ya 1930 Malindi ilikuwa na hoteli za walowezi wa nyanda za juu. Kumbukeni ardhi ile ilivyopatikana, na kazi ya mashamba ilifanywa na nani. Pesa ya ngano na mahindi ya bara ilisaidia kulipia likizo za Pwani, na waliofahamu maji wakaitwa "boi," hata kama ni mzee mwenye wajukuu.

Katika msafara huo wa wageni akaja mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway. Mapema 1934, baada ya kuwinda Tanganyika, alishuka Malindi kuvua. Aliporudi Marekani mwaka huo huo alinunua boti yake mwenyewe, futi 38, akaiita Pilar. Kuanzia 1940 alikuwa makamu wa rais wa ile IGFA. Akarudi Afrika Mashariki, na Januari 1954 akaanguka na ndege mara mbili kule Uganda, magazeti ya dunia yakatangaza amekufa. Hakuwa amekufa. Mwezi uliofuata alikuwa Shimoni, kusini kabisa mwa pwani yetu, kwenye kambi ya uvuvi, amejaa majeraha, na huko huko akaungua kwenye moto wa kichaka. Mwaka huo akapewa tuzo ya Nobel.

Hadithi hii Pwani inauzwa vizuri sana. Watamu kuna hoteli yenye jina lake. Sawa, sina ubaya na hilo. Lakini tulinganishe. Ile Pilar ilikuwa na nahodha wa muda mrefu huko Cuba, mvuvi aitwaye Gregorio Fuentes. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 104, na katika uzee wake watalii walikuwa wakienda kijijini kwake Cojímar, wakimlipa, ili tu wamsikilize akisimulia. Mwenye boti alikuwa amekufa tangu 1961, na nahodha akaendelea kuwa na jina kwa miaka 40 zaidi. Sasa nikuulize wewe unayeposti kutoka Malindi: nitajie nahodha mmoja wa Kenya wa enzi za Hemingway. Mmoja tu.

Ukimya huo ndio unaoniuma.

Kwa sababu hebu tuangalie kazi inavyofanyika kwenye boti hizi. Nahodha anaamua saa ya kutoka na njia ya kuvuka mwamba. Anajua mahali sakafu ya bahari inaposhuka ghafla, anajua mkondo wa leo umeegemea wapi, anaona ndege wakizunguka mbali na kuelewa chini yao kuna samaki wadogo, na chini ya wadogo kuna wakubwa. Anatofautisha maji ya buluu na yale yaliyochafuliwa na udongo wa mto Sabaki, ambako samaki wenye mdomo wa upanga, nduaro na sulisuli, hawapendi kuwinda. Baharia anafunga chambo, anapanga mishipi nyuma ya boti isisokotane, anasoma mwendo wa boti kwa macho. Samaki akinasa, mteja anakaa kwenye kiti na kuzungusha rili. Ni kazi, sikatai, mikono inawaka. Lakini wakati huo nahodha anarudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki ili mshipi usiishe. Kisha baharia anamkamata kwa mikono mnyama mwenye nguvu za ajabu, hatua moja tu kutoka kwenye upanga wake.

Halafu jina linaloandikwa kwenye rekodi kama mvuaji ni la aliyekaa kwenye kiti.

Hapa ndipo turudi Eldoret. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Wakimbiaji 41 walimwekea kasi kwa zamu. Shirikisho la riadha halikuihesabu kama rekodi rasmi, kwa sababu ya msaada ule wa zamu na vinywaji alivyoletewa. Na sisi tuliuona msaada wenyewe kwa macho: majina ya wale 41 yalitangazwa, wakakimbia mbele ya kamera, na mwishoni wakashangilia pamoja naye.

Bahari imefanya kinyume. Kule msaada ulionekana, rekodi ikakataliwa. Huku rekodi inakubaliwa, ila msaada umefichwa. Kanuni ya fimbo ni halali kama kanuni ya mchezo, inazuia udanganyifu. Ila imetuzoesha kuamini kwamba yule asiyegusa fimbo hakufanya kitu. Na mazoea hayo hayakubaki kwenye vitabu vya rekodi, yameingia mpaka kwenye historia na kwenye mifuko ya watu.

Najua mwenye boti atasema: mimi ndiye niliyekopa, injini ikifa ni mimi, mafuta ni mimi, siku tukirudi mikono mitupu lawama ni yangu. Ni kweli kabisa. Boti ni kitu kinachokula pesa hata kikiwa kimeegeshwa. Sisemi mwenye boti ni mwizi. Nasema kuna mtaji wa aina mbili ndani ya ile boti, na mmoja tu ndio unaoandikwa kwenye karatasi. Mtaji wa pili uko kichwani mwa nahodha, na akifa unazikwa naye.

Na mambo yanabadilika haraka. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968. Siku hizi samaki wengi wa mdomo mrefu hawaletwi ufukweni, wanachomekwa kitambulisho kidogo na kuachiliwa, ili wanasayansi wajue wanakokwenda. Nafurahia sana jambo hilo. Lakini fikirieni: tumejifunza kumwandika samaki, tarehe yake, mahali pake, makadirio ya uzito wake. Samaki sasa ana kumbukumbu kuliko binadamu aliyemshika.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wetu wa Uasin Gishu mtakaoshuka Desemba. Kwanza, uliza jina. Muulize pia kazi hii alifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani. Akikubali, liandike chini ya picha kabla ya lako, na ukiweza mrekodi akisimulia, kwa lugha yake, bila kumkatiza. Pili, nyinyi wenye boti, kwenye ukuta wa picha za samaki wakubwa ongezeni majina ya mabaharia. Rangi haigharimu kitu. Tatu, sisi tunajua chama na sacco. Matatu za mji huu zimenunuliwa hivyo. Vijana wa Watamu, Malindi na Shimoni wanaoijua bahari wanaweza kumiliki boti kwa njia hiyo hiyo, na mtu wa Eldoret mwenye pesa ya mahindi anaweza kuweka hisa yake humo badala ya kununua ploti ya tano.

Karne iliyopita pesa ya bara ilishuka Pwani ikanunua boti na kusahau watu. Safari hii iwe na adabu zaidi.

Na wewe uliye na babu au mjomba aliyewahi kushika usukani wa boti hizi, niandikie jina lake hapo chini. Nitaanza orodha leo.